Naganda mbele ya wasaili: je, sikuumbiwa kazi ya kutengeneza programu?

*Swali: Shikamoo dada. Nina miaka 25, nilimaliza shahada ya sayansi ya kompyuta mwaka juzi. Hadi sasa nimeitwa usaili mara tatu tu. Wa kwanza ulikuwa mchujo wa serikalini kwa nafasi ya Afisa TEHAMA Daraja la II, sikuvuka. Wa pili ulikuwa kwenye kampuni ya malipo ya simu hapa Dar. Nilipewa orodha ya namba za simu nitafute zilizojirudia, niandike ubaoni mbele ya watu wanne. Nikaganda. Kitu ambacho nyumbani nakifanya kwa dakika kumi, pale sikuandika hata mstari mmoja wa maana. Kabla sijatoka mmoja wao akaniuliza kama nina mpango wa kuolewa karibuni. Wa tatu walinipa kazi ya kufanyia nyumbani, mfumo mzima wa kusimamia maduka. Nilikesha wiki nzima, nikatuma, hadi leo kimya. Rafiki yangu mmoja anasema nikariri maswali 300 ya algoriti, yaani hatua za kompyuta kutatua tatizo. Mwingine ananishauri niandike kwenye CV kwamba nina uzoefu wa miaka miwili kwa sababu kila tangazo linataka hivyo. Nina usaili mwingine baada ya wiki mbili, kampuni nyingine ya malipo. Je, tatizo ni mimi? Labda kazi hii sikuumbiwa.*

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mengi kwa pamoja, lakini lililokuandikisha barua ni hilo la mwisho, kwa hiyo nianze nalo. Hapana, barua yako yenyewe inakataa. Mtu asiyejua kuandika programu hawezi kulifanya swali lile nyumbani kwa dakika kumi. Unalijua. Kilichokuangusha ubaoni ni ujuzi mwingine kabisa: kufikiri kwa sauti huku watu wanne wamekukodolea macho. Ujuzi huo chuo hakikukufundisha, na wala hauji wenyewe kwa sababu mtu ana GPA nzuri. Lakini unafundishika, na wiki mbili zinatosha kuuanza vizuri.

Usidhani nakufariji tu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State pamoja na wa Microsoft walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 48 wa sayansi ya kompyuta. Wote walipewa swali la kiufundi la aina inayoulizwa kwenye usaili. Baadhi walilifanya peke yao chumbani, hakuna mtu, hakuna haja ya kueleza chochote. Wengine walilifanya ubaoni huku msaili amekaa anawatazama na kuwataka waeleze wanachofikiri. Waliotazamwa, ufanisi wao ulishuka kwa zaidi ya nusu. Swali ni lile lile, aina ya wanafunzi ni ile ile. Katika kundi lililotazamwa hakuna mwanamke aliyefaulu. Katika kundi la faragha wanawake wote walifaulu. Kundi lilikuwa dogo, kwa hiyo hiyo ya wanawake isichukuliwe kama sheria ya maumbile. Lakini kama ulitoka kwenye kile chumba ukidhani umeumbika tofauti na wenzako, basi ujue kwamba kilichokupata kina historia na kimepimwa.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Akili ina sehemu inayoshikilia mambo unayoyafanyia kazi kwa sasa, na sehemu hiyo ni ndogo, kama meza ya mama lishe inayobeba sahani chache tu. Unapotatua tatizo, meza hiyo inahitaji kubeba swali lenyewe, hatua uliyofikia, na hatua inayofuata. Sasa ukitazamwa, zinaingia sahani nyingine zisizohusika: “wananionaje?”, “nimekaa kimya muda gani?”, “Kiingereza changu kimepinda?” Zikijaa, swali lenyewe linaanguka chini. Ndiyo maana ulipofika nyumbani jioni, au hata ukiwa kwenye daladala, jibu lilikujia bila kuitwa. Halikuwa limepotea. Lilikosa pa kukaa.

Ukielewa hivyo, dawa yake nayo inaeleweka. Kukariri zaidi hakusaidii sana, kwa sababu ulichokikariri nacho kinahitaji nafasi ileile. Kinachosaidia ni kuitoa mizigo kichwani na kuiweka ubaoni, na kuwa na mwendo uliouzoea kiasi kwamba huufikirii tena. Turudi kwenye swali lako la namba za simu nikuonyeshe, maana kwa kweli ni swali zuri sana na walichokuwa wanakitafuta humo ni kingi kuliko ulivyodhani.

Kitu cha kwanza, usiandike msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Andika mfano. Chora ubaoni namba nne au tano, mbili kati yake zinafanana. Sasa macho yao yamehamia kwenye namba, na wewe umepata dakika moja ya kupumua. Kisha uliza. “Namba hizi zote zimeandikwa kwa sura moja?” Hapo ndipo kiini cha swali kilipo, na nakuhakikishia kampuni ya malipo haikuchagua namba za simu kwa bahati mbaya. Namba moja ya Tanzania inaweza kuingia kwenye mfumo ikianza na 0, ikaingia tena ikianza na +255, ikaingia mara ya tatu ikianza na 255 bila alama ya kujumlisha, na mteja mwingine akaweka nafasi katikati. Kwa kompyuta hizo ni namba nne tofauti. Kwa mteja ni simu moja iliyoko mfukoni. Mwombaji anayeuliza swali hilo kabla ya kugusa kalamu, mimi nikiwa msaili nishaanza kumwandikia alama. Na ukiongeza kwamba namba ya simu ihifadhiwe kama maandishi na si kama tarakimu za kuhesabia, kwa sababu sifuri ya mwanzo itapotea, umeonyesha kwamba umewahi kushika data halisi.

Cha pili, toa jibu la kijinga kwanza, na uliseme wazi kwamba ni la kuanzia. “Njia rahisi ni kuchukua kila namba na kuilinganisha na zote zinazofuata.” Wengi huona aibu kulisema hili, wanakaa kimya wakisubiri jibu zuri, na ukimya ndio unaowamaliza. Liseme, kisha lipime: kwa namba 10,000 hiyo ni milinganisho inayokaribia milioni 50. Kwa namba milioni moja, haifai. Ukishalisema hivyo umejitengenezea ngazi ya kupandia. Hatua inayofuata inajileta: “Badala ya kulinganisha, napita mara moja tu. Kila namba ninayoiona naiweka kwenye kundi la nilizokwishaziona. Nikikutana na iliyomo tayari, imejirudia.” Milinganisho milioni 50 imekuwa safari moja ya hatua 10,000. Kisha taja gharama yake, kwamba sasa unatumia kumbukumbu zaidi ya kompyuta, na kama kumbukumbu ni finyu unaweza kuzipanga namba kwa mfuatano kwanza kisha ukalinganisha jirani na jirani. Hapo tayari umetoa njia tatu na umezipima, na bado hujaandika msimbo wowote.

Cha tatu, ukimaliza kuandika, ujijaribu mwenyewe kabla hawajakujaribu. Orodha ikiwa tupu? Ikiwa na namba moja tu? Namba ikijirudia mara tatu, tunaitaja mara moja au mara mbili? Usisubiri waulize. Kwa nafasi ya kuanzia sisi wasaili hatutegemei uje na kila kitu. Tunategemea uwe mtu ambaye tukimpa kazi asubuhi, jioni hatutakuta hitilafu ambayo angeiona mwenyewe kama angejipa dakika mbili.

Ukiganda tena katikati, na inawezekana ukaganda, sema. “Naomba nusu dakika nifikirie.” Ni sentensi halali kabisa. Geukia ubao, soma mfano wako kwa kidole, namba kwa namba, ukieleza unachokiona. Mwili ukiwa na kazi ya kufanya, hofu hupungua nguvu. Na kuhusu Kiingereza, kwa kuwa wasaili wengi mjini huuliza kwa Kiingereza, waambie mapema kwamba utafikiri kwa kuchanganya na msimbo utauandika kwa Kiingereza kama kawaida. Mahali pengi watakubali bila shida yoyote, kwa sababu ofisini kwao wenyewe ndivyo wanavyoongea siku nzima. Wakikataa, angalau umejua mapema na unaweza kupunguza kasi.

Hayo yote yanahitaji mazoezi ya mdomo, si ya macho. Kusoma majibu kimya kitandani hakutakusaidia siku ile. Chukua swali moja kwa siku, simama, kalamu mkononi, karatasi kubwa ya manila ukutani, na umweke mtu mbele yako. Si lazima ajue programu. Mdogo wako wa kidato cha pili anafaa sana. Kazi yake ni kukutazama na kusema “sijaelewa hapo”. Ukiwa peke yako, jirekodi kwa simu kisha ujisikilize. Siku za kwanza hutapenda kujisikiliza. Endelea.

Sasa hayo maswali 300. Inategemea unaelekea wapi, na rafiki yako hakukuuliza. Kampuni kubwa za nje zinazoajiri watu wa kufanya kazi kwa mbali mara nyingi huanza na jaribio la muda maalumu kwenye majukwaa kama HackerRank au Codility, na huko ukiwa huna mazoezi ya maswali ya LeetCode, tovuti ya kujipimia algoriti, utachujwa na mashine kabla hujaongea na binadamu. Kama huko ndiko unakotaka, fanya mazoezi hayo kwa miezi, taratibu, na uelewe aina za maswali badala ya kuhesabu idadi. Lakini kwa kampuni nyingi za hapa nyumbani, miundo michache ya kupangia data na mbinu zake inatosha: orodha, kamusi, foleni, kupanga, kutafuta kwa kugawa nusu, na kujua kwa nini kutafuta kwa kugawa nusu kwenye orodha iliyopangwa ya vitu milioni moja kunachukua hatua 20 hivi tu. Ongeza SQL, lugha ya kuuliza data iliyohifadhiwa kwenye majedwali, tena kwa dhati. Nimeona vijana wanaotaja majina ya algoriti kama wimbo, ukiwaomba waunganishe jedwali la wateja na jedwali la miamala watoe wateja ambao hawajafanya muamala hata mmoja, wanakwama. Swali hilo linaulizwa sana, na jibu lake liko kwenye LEFT JOIN, amri ya kuunganisha majedwali inayobakiza wateja wote, na kuangalia mistari iliyobaki tupu upande wa miamala. Likae kwenye vidole vyako.

Kwa vile usaili wako ujao ni wa kampuni ya malipo, nikuandae na swali moja ambalo sitashangaa ukikutana nalo kwa sura hii au ile: mteja yuko mahali mtandao unasuasua, anabonyeza “Lipa”, haoni kitu, anabonyeza tena. Utazuiaje asikatwe mara mbili? Wengi hujibu kwamba watakizima kitufe baada ya mbonyezo wa kwanza. Ni jibu la kweli lakini halitoshi, kwa sababu ombi linaweza kutumwa tena na programu yenyewe baada ya mtandao kukatika, au mtoa huduma wa simu akakurudishia taarifa ileile ya malipo mara mbili. Jibu lenye uzito linakaa upande wa seva, kompyuta ya kampuni inayopokea maombi. Kila nia ya kulipa ipewe namba yake ya kumbukumbu kabla haijatumwa. Kanzidata, yaani ghala la data la mfumo, ikatae kupokea namba hiyo mara ya pili, na kukataa huko kuwe ni sharti la jedwali lenyewe, si “if” (“kama ipo, kataa”) uliyoiandika kwenye msimbo, maana maombi mawili yanaweza kuipita “if” kwa wakati mmoja kabla lolote halijaandikwa. Ombi la pili likija, lirudishiwe hali ya lile la kwanza: limekamilika, limeshindikana, au bado linasubiri. Na lile linalosubiri lisihesabiwe kuwa limeshindikana kwa sababu tu umechoka kungoja. Uliza mfumo wa mtoa huduma kwanza. Kijana anayeweza kuongea hivyo kwa dakika tano anaelewa kazi ya malipo ni nini. Kama una nafasi, ongeza kwamba pesa hazihifadhiwi kwa namba za desimali za kawaida za kompyuta. Fungua lugha ya programu kama Python au JavaScript ujumlishe 0.1 na 0.2 uone: utapata 0.30000000000000004. Kwenye pesa za watu hilo halikubaliki, ndiyo maana hutunzwa kwa namba nzima za kipimo kidogo kabisa, au kwa aina ya data ya desimali kamili.

Njia bora ya kulielewa hili ni kulijenga. Una wiki mbili; tengeneza mradi mdogo mmoja unaopokea malipo ya mfano na ukauharibu kwa makusudi: tuma ombi mara mbili, zima seva katikati, tuma taarifa ya malipo isiyo na mwenyewe. Mradi huo mmoja unaoujua mpaka mifupani una thamani kuliko miradi kumi ya GitHub, tovuti ya kuwekea msimbo, uliyoinakili kutoka kwenye video za mafunzo. Wasaili huuliza “ulikwama wapi?”, na aliyenakili hana pa kujibia.

Hapo naingia kwenye kazi ya kufanyia nyumbani, na hili limeniuma. Mfumo mzima wa kusimamia maduka si jaribio la nafasi ya kuanzia. Sisemi kwamba kampuni ile ilikuibia kazi, kwa sababu sina ushahidi na wewe huna. Ninachosema ni kwamba jaribio la haki huwa dogo, mipaka yake imeandikwa, linaweza kumalizika kwa saa chache, na linahusu tatizo la kubuni, si bidhaa ambayo kampuni ingeweza kuiingiza sokoni kesho. Siku nyingine ukipewa kazi kama ile, andika barua pepe ya heshima kabla hujaanza: wanatarajia itumie saa ngapi, ni sehemu gani wangependa waione kwanza, je unaruhusiwa kutumia ChatGPT na mfano wake, na baada ya kutuma kutakuwa na mazungumzo ya kuipitia pamoja? Anayekusudia kukuajiri atajibu. Usipojibiwa, fanya kipande kimoja kwa ubora, moduli ya mauzo kwa mfano, eleza kwenye faili la maelezo nini umeacha na kwa nini, ukatume. Na kama ulitumia akili bandia, sema, kisha hakikisha unaweza kueleza kila mstari. Siku hizi baada ya kazi kama hiyo kampuni nyingi hukuita ubadilishe kitu kidogo mbele yao, na hapo ndipo tunapojua nani aliiandika.

Kuhusu ule ukimya wao: waandikie mara moja, mistari mitatu, uulize hali ya maombi yako na uombe jambo moja tu ambalo ungeliboresha. Wasipojibu, funga ukurasa huo. Kazi uliyoifanya ni yako. Ondoa jina lao na data yao, isafishe, iweke kwenye kazi zako za kuonyesha, mradi hukusaini makubaliano yanayokukataza.

Mchujo wa serikalini ni mchezo mwingine na sitakaa hapo sana. Pale hupimwi jinsi unavyofikiri kwa sauti. Unapimwa kwa mtihani, na waombaji ni wengi mno kwa nafasi chache. Ukivuka mchujo ndipo kwa kada kama yako huja usaili wa vitendo na wa mahojiano. Kutovuka mara moja hakusemi lolote kuhusu uwezo wako wa kutengeneza programu. Soma misingi kwa upana, mitandao, kanzidata, usalama wa mifumo, Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, na usome tangazo neno kwa neno. Kuna watu hurudishwa mlangoni kwa sababu wamebeba taarifa ya matokeo badala ya cheti halisi, au majina kwenye vyeti hayalingani na hawana hati ya kiapo ya kubadili jina. Inauma kukosa kwa sababu ya karatasi. Na mtu yeyote atakayekupigia akitaka hela ili “akusaidie” kwenye orodha ya Sekretarieti ya Ajira, kata simu.

Halafu ule ushauri wa kuandika uzoefu wa miaka miwili ambao huna. Usifanye. Nakuelewa kwa nini unakushawishi, na matangazo yenyewe yana makosa: kutaka miaka miwili kwa nafasi ya kuanzia ni kujikanganya. Hata watafiti wa ajira wanakubaliana hapa. Frank Schmidt na John Hunter walipokusanya tafiti za miaka 85 mwaka 1998, na Paul Sackett na wenzake walipozipitia upya hesabu hizo mwaka 2022, pande zote mbili zilikuta kwamba idadi ya miaka ya uzoefu inabashiri vibaya nani atafanya kazi vizuri, wakati usaili wenye maswali yaliyopangwa na kuulizwa kwa kila mtu vilevile unabashiri vizuri zaidi. Lakini kosa la tangazo halilipwi kwa uongo wa CV. Msaili atauliza ulifanya kazi na timu ya watu wangapi, toleo lilikuwa linapelekwaje kwenye seva, nani alipitia msimbo wako. Maswali matatu tu, umekwisha, na mji huu kwa watu wa TEHAMA ni mdogo kuliko unavyodhani. Badala yake omba hata kama huna hiyo miaka, na uandike ulichonacho kwa jina lake: mafunzo kwa vitendo uliyofanya ukiwa chuo, mradi wa mwaka wa mwisho, mfumo wa mahesabu uliomtengenezea shangazi mwenye duka la dawa. Kitu kilichotumiwa na mtu halisi, hata mmoja, kina uzito. Angalia pia nafasi za utarajali zinazoratibiwa na ofisi ya serikali inayoshughulikia ajira; posho si kubwa, lakini miezi hiyo inahesabika bila uongo.

Na lile swali la kuolewa. Halikuwa swali la kazi, na hukukosea popote kulisikia vibaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, na inamhesabu hata mwombaji wa kazi. Namna ya kujibu ni uamuzi wako, na kila njia ina gharama. Unaweza kujibu kwa upole bila kujibu: “Nimejipanga kuifanya kazi hii kikamilifu, na ningependa kujua majukumu ya miezi sita ya kwanza.” Wengi huacha hapo. Unaweza kuuliza linahusianaje na nafasi. Una haki, ingawa huenda hewa ya chumba ikabadilika. Ukiwa na sababu ya kuamini ulinyimwa kazi kwa ajili hiyo, andika tarehe, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo, siku hiyohiyo, kisha zungumza na wakili au shirika la msaada wa kisheria kabla ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usikawie, kwa sababu malalamiko pale yana muda wa mwisho. Kwa kesi yako, kwa ulivyoieleza, sioni rahisi kuthibitisha kwamba ndiyo sababu, na sitaki nikutume kwenye safari ndefu kwa hasira yangu. Lakini iandike hata hivyo.

Yapo mambo ambayo barua hii haiwezi kukufanyia. Unahitaji mtu anayejua kazi akuhoji ana kwa ana angalau mara moja kabla ya siku yenyewe. Mwalimu wako aliyesimamia mradi wa mwaka wa mwisho ni wa kwanza kumwendea. Walimu hufurahi kukumbukwa. Kama uko karibu na eneo la Sayansi, ulizia Buni Hub, kituo cha wabunifu pale COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na makundi ya watengeneza programu yanayokutana mjini mwisho wa juma. Nenda na swali mahususi, “naomba unihoji dakika thelathini”, utapata msaada haraka kuliko ukisema “naomba kazi”. Na kama hofu hii haiishii kwenye usaili, kama hulali, moyo unakwenda mbio ukifikiria tu barua pepe, au umeanza kuacha kuomba nafasi kabisa, basi muone daktari au mshauri nasaha. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili. Wasiwasi wa namna hiyo unatibika, na hupaswi kuusubiri upite wenyewe.

Kwa hizi wiki mbili, kwa hiyo: asubuhi swali moja kwa sauti mbele ya mtu, mchana mradi wa malipo, jioni SQL. Siku mbili za mwisho usiongeze kitu kipya. Tumia programu ya kampuni hiyo kwenye simu yako, fanya muamala mdogo, uone wapi inakera, uende na swali moja la kweli kuhusu hilo. Mwisho wa usaili watakuuliza kama una la kuuliza. Fika mapema, nenda na kalamu yako ya ubao iwapo za kwao zimekauka, na wakikupa swali, anza kwa kuchora mfano. Ukitoka, andika maswali yote uliyoulizwa kabla hujapanda gari, kisha uniandikie.